Baiskeli Kumi na Tatu na Gunia la Pedeli

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na saba. Chekeni kwanza, kisha tuendelee. Daktari alinionyesha picha ya mgongo wangu, akagusa kwa kalamu mahali ambapo mifupa miwili imekaribiana kupita adabu, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nabeba baiskeli.

"Unaendesha baiskeli?"

"Hapana, daktari. Nazibeba. Nazipandisha kwenye pikapu, nazishusha."

Akaandika sentensi ndefu ambayo maana yake ilikuwa: basi.

Sasa nyinyi mnaopanga foleni pale godauni la Changamwe mmeniomba niwaandikie niliyojifunza, ati myasome kwenye simu mkisubiri mzigo. Nimekubali kwa sababu moja, nayo nitaifikia. Kwanza niwape mliyoyaomba, maana nawajua, wengine wenu mtaacha kusoma mkishayapata.

Msifunge baiskeli kwa kamba ya nailoni. Inateleza, inakwangua rangi, na ukifika kwenye matuta ya Mikindani inalegea kama ahadi ya mgombea. Chukueni tyubu kuukuu, mkate vipande virefu vya upana wa vidole viwili. Mpira huvutika halafu hurudi. Gari likiruka, mzigo nao unaruka, kisha unarudi mahali pake. Wekeni kadibodi baina ya fremu na fremu. Upande wa mnyororo na gia usilalie kitu, wala usilaliwe. Na mkienda Likoni, fungeni mzigo mbele na nyuma, maana mkishuka kuingia feri unakimbilia kibanda cha dereva, na mkipanda kutoka ng'ambo unakimbilia mlango wa nyuma. Nilimwona mwenzenu mmoja aliyefunga mbele tu. Alipokuwa akipanda kutoka feri, baiskeli mbili zilitoka nyuma zikarudi chini, na waenda kwa miguu wakazipisha njia kwa heshima, kama msafara wa mkubwa.

Siku hizi mna mambo mapya. Mnatundika gurudumu la mbele nje ya mlango wa nyuma, mmeweka kipande cha godoro, baiskeli sita zinakaa kama ng'ombe kwenye hori. Ni njia nzuri. Nilipoiona mara ya kwanza nilikasirika kwamba sikuifikiria mimi. Na mna wateja wapya. Kuna mama mmoja wa Mkomani, wa hawa wanaovaa nguo za kubana na kwenda mbio Jumamosi asubuhi, aliniita nimpelekee baiskeli yake kwa fundi. Aliiinua kwa vidole viwili. Akaniuliza, "Nyuma huko kuna vumbi?" Nikamwambia ni pikapu, mama, nyuma huwa kuna vumbi. Basi baiskeli ikawekwa kiti cha mbele, ikafungwa mkanda. Yeye akapanda gari lake akatufuata. Tulipofika, alimshukuru kijana aliyeniendeshea gari siku hiyo na kuikagua baiskeli. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye vumbi.

Nilikuwa nimekwisha kuzoea. Lakini sikuanza nikiwa nimezoea.

Nilianza nikiwa na shahada ya takwimu na miaka miwili ya kupeleka barua za maombi ya kazi. Kanisani kwetu Mikindani alikuwako mzee mmoja, Mzee Ngumbao, mwenye pikapu ya buluu ambayo mlango wake wa kushoto ulifungwa kwa waya. Msaidizi wake alikuwa amekwenda Uarabuni kutafuta maisha. Mzee alimwuliza mamangu kama nyumbani kuna mtu mwenye mgongo. Mama akanitazama.

Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kadzo, sivyo? Nasikia una digrii."

"Ndiyo, mzee."

"Ina breki?"

Tangu siku hiyo akaniita Digrii. Godauni zima likaniita Digrii. Karani wa godauni, Omari, mtu wa Mji wa Kale aliyekaa mlangoni na daftari lake na birika la kahawa, alikuwa akiita foleni hivi: "Ngumbao na Digrii! Ingizani gari!"

Kazi yenyewe mnaijua. Makontena ya baiskeli za mitumba yanafika godauni, wenye maduka na vikundi wanakuja kuchagua, pikapu zinasubiri kwa zamu kupeleka mzigo Kisauni, Likoni, Jomvu, mpaka Mazeras. Nafasi katika ile foleni haiuzwi. Omari ndiye aliyejua nani yumo na nani hayumo, na akikutoa umetoka. Mzee Ngumbao alikuwa nayo tangu kabla mimi sijaanza shule ya msingi. Hakuwa na shamba lenye kitu, hakuwa na mtoto mwenye mshahara. Alikuwa na gari na nafasi ile.

Alikuwa na kanuni nyingi, wala hakuwa na sababu hata moja. Nilikuwa nikimwuliza kwa nini, naye alikuwa akinijibu, "Ndiyo kazi." Usipige mluzi ukifunga mzigo. Kwa nini? Ndiyo kazi. Baiskeli nyekundu isikae mwisho, askari watakusimamisha. Kwa nini? Ndiyo kazi. Hiyo ya nyekundu niliifanyia utafiti. Kwa muda wa mwezi mmoja nilikuwa nikiweka nyekundu mwisho kila yeye asipotazama, na nikiandika kila tuliposimamishwa. Tulisimamishwa vilevile. Nilipomwonyesha karatasi yangu aliisoma yote, akaikunja, akaitia chini ya gurudumu la mbele lililokuwa likiteleza kwenye mchanga.

"Sasa imefaa," akasema.

Kanuni nyingine zilikuwa dhahabu tupu. Ile ya tyubu ni yake. Ile ya feri ni yake. Taabu yangu ilikuwa hii, na nadhani ndiyo taabu ya kila kijana aliyesoma kidogo: dhahabu na takataka zilitoka katika kinywa kimoja, kwa sauti ileile, na nilipokwisha kuikamata takataka moja niliona nimeruhusiwa kuzitilia shaka zote. Sijutii kutilia shaka. Hata leo natilia shaka. Najutia kwamba niliishia katikati.

Kanuni iliyonishinda kuivumilia ilikuwa ya pedeli. Ili baiskeli zisimame karibu karibu ndani ya pikapu, Mzee alikuwa akifungua pedeli ya kulia ya kila moja. Ya kulia tu. Ya kushoto iliachwa. Kisha baiskeli zote zilielekezwa upande mmoja, kila usukani unalegezwa na kugeuzwa ulale sambamba na fremu, na pedeli ya kushoto ya hii inaingia kwenye uwazi wa kulia wa ile. Zilikuwa zikiingia tisa.

Nilimwambia, tukifungua pedeli zote mbili tutazipanga kichwa na mkia, hatutahitaji kugusa usukani, na zitaingia kumi na tatu. Nilimchorea.

"Ya kushoto haifunguki, Digrii."

"Kwa nini?"

Mnajua alivyojibu.

Ikaja Jumamosi ambayo kikundi cha wafanyakazi wa viwanda vya Miritini kilinunua baiskeli kumi na tatu. Walikuwa watu wa kanisa letu, vibarua, wake kwa waume. Nauli ya kila siku ilikuwa imewachosha wakaamua watakwenda kazini kwa baiskeli, kwa pamoja, ili malori yawaone. Mwenyekiti wao, Mama Sidi, alitaka zote zifike kwenye uwanja wa kanisa kabla ya saa tisa, kwa kuwa mchungaji angeziombea. Kwetu kitu cha kuingia nacho barabara kuu hakipandwi hivihivi.

Omari alitazama daftari, akamtazama Mzee. "Mzee wangu, mzigo ni kumi na tatu na wanataka safari moja. Wewe unabeba tisa. Nimpe wa nyuma yako?"

"Nitakwenda mara mbili."

"Mama amesema mara moja. Na wallahi si leo tu. Vijana hawa wote sasa wanabeba kumi na mbili, kumi na tatu. Kila siku nakuwekea mizigo midogo midogo kama mgonjwa. Mpaka lini?"

Mzee alikwenda kunywa chai. Sikuwa nimepata kumwona akiacha gari foleni akaenda kunywa chai.

Basi nikachukua spana. Nikafungua za kulia zote. Kisha nikaikabili ya kushoto ya kwanza. Nikaisukuma kama nilivyosukuma za kulia, haikutikisika. Nikasimama juu ya spana kwa miguu yote miwili, wapi. Mwishowe, kwa hasira tu, kwa kuwa nilichoka na upande mmoja, nikaisukuma upande mwingine. Ikafunguka kama kifuniko cha chupa ya maji.

Nilicheka peke yangu. Mzee wa watu miaka yote ile alikuwa akiikaza! Kila akijaribu kuifungua aliikaza zaidi, mpaka akaona haifunguki, na kutofunguka kukawa kanuni. Pedeli ya kushoto hufunguka kinyume. Hilo ndilo lilikuwa swali langu, na nikalipata jibu kwa mkono wangu mwenyewe. Nikafungua zote kumi na tatu, nikazitia pamoja na za kulia katika gunia moja la unga. Pedeli ishirini na sita. Nikapanga baiskeli kichwa na mkia, zikaingia kumi na tatu kama nilivyochora.

Mzee aliporudi alisimama akazihesabu kwa kidole.

"Umezifungua?"

"Zote."

"Na za kushoto?"

"Zimefunguka, mzee."

Alitazama gunia. Nilikuwa nikingoja anisifu. Akasema, "Uliyefungua wewe, utafunga wewe," akawasha gari.

Uwanjani tulipokewa kwa vigelegele. Saa tisa ilikuwa karibu, mchungaji amekwisha kuvaa joho, na kila mtu alitaka kuikamilisha baiskeli yake mwenyewe. Wakaingiza mikono katika gunia wakatoa pedeli kama watu wanaochagua muhogo. Spana zilikuwa mbili, koleo tatu. Mimi nilikuwa nikizunguka kama mhandisi. Mmoja wao, Katana, kijana mwenye mabega mapana anayepakia mifuko kiwandani, aliniita.

"Dada Digrii, hii inagoma kuingia."

"Ni kutu. Baiskeli ni ya mtumba. Ilazimishe."

"Nilazimishe?"

"Wewe si ndiye unayebeba mifuko? Ilazimishe."

Akailazimisha. Ikaingia. Tukapiga makofi.

Hapa ndipo nawataka msome polepole. Nilikuwa nimeuliza kwa nini ya kushoto haifunguki, na nikajibiwa. Sikuuliza swali lililofuata, ambalo lilikuwa limekaa palepale mbele yangu: kama hii hufunguka kinyume na ile, basi si kitu kimoja, na zikitiwa gunia moja, nani atazitenganisha? Ncha ya chuma ya kila pedeli ina thredi, yale meno ya mzunguko yanayoshika. Ya kulia yamezungushwa upande mmoja na ya kushoto upande mwingine. Na nyingi zina herufi, L ya kushoto au R ya kulia, ndogo kama chawa, imepigwa kwenye chuma. Nilisoma shule miaka kumi na sita na herufi zile sikuzisoma. Mkono wa pedeli, kile chuma inamofungwa, ukiwa mgumu, pedeli isiyo yake haitaingia kabisa, utachukua nyingine. Lakini baiskeli nyingi za siku hizi mkono ni wa aluminiamu, na aluminiamu ni laini. Ukiilazimisha, pedeli inakula meno ya mkono na kujichimbia njia. Inakaa. Inaonekana imekaza. Halafu kila unapokanyaga, inajifungua yenyewe kidogo kidogo.

Mzee, kwa kufungua ya kulia tu, alikuwa akishusha baiskeli yenye tundu moja na pedeli moja. Hata mtoto asingekosea. Hakujua kwamba kanuni yake ilikuwa ikilinda watu. Ilitokana na kutojua, na ililinda watu vilevile. Nimekaa na jambo hilo miaka mingi na bado sijui nilifanyie nini.

Jumapili baada ya ibada Mama Sidi alikuja nyumbani kwa Mzee akiikokota baiskeli yake. Mimi nilikuwa pale nikiosha gari. Mkononi alikuwa na pedeli.

"Digrii! Baiskeli yenu imezaa. Nimetoka kanisani tu hapo, sijafika hata dukani, mtoto huyu akaanguka." Akaniwekea pedeli kiganjani. "Na si mimi tu. Mama Rehema yake inacheza kama jino."

Niliigeuza ile pedeli. Ndipo nilipoiona herufi. Nikatazama mkono wa baiskeli ilikotoka, tundu limelika, meno yamegeuka unga. Nikaacha kitambaa cha kuoshea gari ndani ya ndoo.

"Mama Sidi, zote kumi na tatu ziko wapi?"

"Ziko kwa wenyewe. Kesho si ndiyo siku? Saa kumi na moja alfajiri tunakutana barabarani."

Kesho alfajiri, watu kumi na tatu, kwenye barabara ile inayochimbwa na kupanuliwa, malori ya makontena upande huu na upande huu. Nilimwambia Mzee. Nilimweleza thredi na gunia na herufi. Sikujua nimalizie wapi, nikaendelea kueleza mpaka akaninyanyulia mkono.

"Ingia garini," akasema.

Tulizunguka Mikindani nzima. Mama Sidi alikaa mbele akituonyesha nyumba, mimi nyuma na spana. Baiskeli nyingine zilikuwa sawa, wenyewe walibahatika kuchukua pedeli iliyokubali. Nyingine ziliharibika, nikaziondoa pedeli nikawaambia wenyewe wasizipande. Mzee mmoja hakunielewa kabisa. "Jana umeniambia nilazimishe, leo unaniambia nisiguse. Digrii gani hiyo inayobadilika usiku mmoja?" Nilitia pedeli mfukoni nikaenda nyumba ya pili.

Baiskeli kumi na mbili tulizifikia. Ya kumi na tatu ilikuwa ya Katana. Mlango wake ulikuwa na kufuli. Jirani, bila kuacha kuchambua mchicha wake, akasema, "Katana? Amekwenda Mazeras kumwonyesha mamake baiskeli. Alitoka ibada ilipokwisha. Ameshonesha na suruali mpya."

Mzee aliendesha gari kama sijapata kumwona akiendesha, na gari lile lilikuwa halipendi kuendeshwa hivyo. Tulipita Miritini, tukapita malori yaliyoegeshwa na vibanda vya chapati, mimi nimesimama nyuma nimeshika chuma, natazama kando ya barabara. Nilikuwa nikitazama kila baiskeli. Sijui kama mnajua barabara ile ina baiskeli ngapi Jumapili mchana.

Baada ya Miritini barabara inapanda. Kwenye mpando mtu husimama juu ya pedeli akaweka uzito wote wa mwili. Nilikuwa nikiliwaza hilo wakati nilipoona watu wamekusanyika.

Alianguka upande wa majani. Angeanguka upande wa pili ningekuwa naandika barua nyingine, au siandiki. Watu wa kanisani kwetu wanajua kwa nini alianguka upande ule. Mimi sijui. Dereva mmoja wa lori alikuwa amesimamisha gari lake kumkinga, akamfunga mkono kwa leso. Mkono ulikuwa umevunjika chini ya kiwiko, unaelekea kusikoelekea. Katana alikuwa ameketi, suruali mpya imechanika gotini, akaniona nikiruka kutoka nyuma ya gari.

"Dada," akasema, bila hasira, kama anayetoa taarifa, "nililazimisha."

Tulimweka mbele na Mama Sidi. Mimi nilipanda nyuma na baiskeli yake, na kwa kuwa mliniomba maarifa ya kazi nitawaambia na hili: baiskeli moja ndani ya pikapu tupu ni mzigo mgumu kuliko kumi na tatu. Haina pa kuegemea. Sikuwa na mpira wa kuifungia. Niliikumbatia mpaka hospitali, mkono wa pedeli uliolika umeelekea usoni mwangu.

Jumatatu tulikwenda godauni kama kawaida. Omari alikuwa amekwisha kusikia, Mama Sidi alimpigia simu asubuhi kuuliza ni nani atakayezitengeneza baiskeli zilizoharibika. Hakuita jina letu. Alifunga daftari, akatoka nje, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi kwa sababu ya maumivu ya miguu.

"Mzee Ngumbao. Nani aliyefungua pedeli?"

Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa gari. Nilikuwa na jibu. Nililala nalo usiku kucha, nililipanga vizuri, na herufi na aluminiamu na kila kitu. Nikafungua kinywa.

"Mimi," akasema Mzee.

Omari alimtazama. Madereva waliokuwa wakicheza bao wakageuza shingo.

"Mzee wangu. Miaka yote tangu nikujue umekuwa ukiniambia ya kushoto haifunguki. Imefunguka lini?"

"Imefunguka Jumamosi."

Palikuwa na nafasi hapo. Nataka mjue kwamba palikuwa na nafasi, mtu angeweza kutia maneno matatu, naye Omari alikuwa akiingoja, maana alinigeukia mimi. Nilitazama tairi. Nilifikiri habari za barua za maombi ya kazi, miaka miwili ya barua. Nilifikiri habari za mamangu. Nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu, na nilipoulizwa mimi nilitazama tairi.

"Basi," Omari akasema, "kesho usije foleni, mzee. Niwie radhi. Mtu amevunjika."

"Haidhuru. Nafasi yangu mpe huyu."

"Digrii?"

"Ana mgongo."

Njiani tukirudi nilimwuliza kwa nini. Nilidhani safari hii atanipa sababu. Alikuwa akiendesha polepole, ameegemeza kiwiko dirishani.

"Nimechoka, Kadzo," akasema. Hakuniita Digrii. "Nilikuwa nimechoka kabla ya hizo pedeli zako."

Sijui kama ni kweli. Huenda alisema ili nisilie ndani ya gari lake. Alirudi kwao Kaloleni mwezi uleule, akaniachia pikapu niiendeshe, nikawa nikimpelekea unga na mafuta ya taa, naye akawa akiuliza habari za gari kabla ya habari zangu. Katana alikaa bila kazi mpaka mkono ukaunga. Haukunyooka sawasawa. Anapanda baiskeli mpaka leo, na kila akiniona barabarani anasimama, anainama, anaitikisa pedeli kwa mkono ule uliopinda, kisha ananipungia na kwenda zake. Watu hudhani ni mzaha wetu.

Sasa shikeni hili, halafu nimalize. Spana ikiwa imesimama juu ya pedeli, isukumeni kuelekea mbele ya baiskeli kukaza, kuelekea nyuma kufungua. Pande zote mbili ni hivyohivyo, kulia na kushoto, hamna haja ya kukumbuka kinyume. Someni herufi. Mkifungua zote mbili, zifungeni kila jozi kwa mpira kwenye fremu yake, zisitiwe gunia moja. Na mzee akiwaambia ndiyo kazi, mwulizeni kwa nini. Akikosa jibu, tafuteni wenyewe. Mkilipata, msikimbilie spana. Ulizeni tena.

Hayo mngeweza kuyapata kwa mtu mwingine. Sababu iliyonifanya nikubali kuandika ni kwamba mmekuwa mkisema nafasi ile ya foleni niliipata kwa akili yangu, mwanamke wa kwanza, msomi, na kadhalika. Niliipata kwa kunyamaza. Pedeli za kushoto nilizifungua mimi, na mzee aliyeambiwa asirudi hakugusa hata moja.

Omari nilimwambia. Ilinichukua miezi minne. Nilikuwa peke yangu foleni, nimepakia mzigo wa Kisauni, nikashuka, nikaenda mpaka kwenye meza yake kama mtoto aliyevunja chungu. Nikamwambia, "Bwana Omari, zile pedeli za Mikindani hakufungua Mzee. Ni mimi."

Hakuinua macho kutoka kwenye daftari. Alimimina kahawa, akaipuliza, akanywa.

"Najua, Kadzo," akasema. "Sogeza gari, unazuia mlango."

Nikasogeza gari.